Nani Anasema kwa Jina

Kwanza niseme wazi: shemeji yangu hakuwa mwendawazimu. Nimechoka kusikia watu wasiomjua hata kwa sura wakikaa vibarazani kusema eti dini ilimpanda kichwani. Wanyamaze. Mimi niliolewa na mdogo wake, nimekaa naye ua mmoja miaka kumi na minne, nimempakulia chakula kila siku ya kazi. Kama kuna mtu wa kumsema, ni mimi. Na nitamsema hadi mwisho, ingawa mwisho wenyewe haunipendezi hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa kulipua mawe. Machimbo yetu ni shimo moja kubwa lenye njia moja tu ya kupandia. Chini watu wanatoboa mwamba kwa mashine, wengine wanaponda, wengine wanapakia. Yeye alijaza baruti kwenye matundu, akaunganisha waya, akapanda nao hadi juu, nyuma ya ukuta wa viroba vya mchanga. Pale palikuwa na kisanduku kidogo chenye mpini. Mpini ukishushwa, mwamba unaanguka. Alifanya hivyo kila siku kabla ya chakula cha mchana, ili vumbi litulie wakati watu wanakula. Walimwita Fundi Baruti, na hakuna aliyethubutu kusimama naye ukutani; alikataza. Mimi nilikuwa mpishi wa hapo. Waliniita Mama Sufuria wakidhani nitakasirika. Nikakasirika kweli, basi jina likashika.

Lakini Fundi hakujulikana kwa baruti. Alijulikana kwa namna alivyoliogopa jina la Yesu.

Hakulitaja ovyo. Akitaka kulitaja alimeza kwanza kilichokuwa mdomoni, akavua kofia, akasimama. Ndivyo mama yao alivyowalea. Mama yule, nasikia, hata mtoto akiwa na homa kali alimwinua kitandani asimame kabla ya kuomba kwa Jina. Mume wangu aliyaacha yote hayo siku alipoota ndevu. Kaka yake hakuacha hata moja. Kanisani, yale mapambio yanayorudia Jina mara arobaini, yeye aliimba maneno mengine yote, Jina likifika anainama na kunyamaza. Mchungaji alimtania siku moja mlangoni, "Mzee wangu, mbona wimbo wako una matundu?"

Akamjibu taratibu, "Mchungaji, nyinyi mnalirusha kama mpira. Siku likiwageukia mtakimbilia wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, sikucheka. Nilimsukuma mume wangu tuondoke.

Na jambo jingine, hili ndilo lilikuwa linaniudhi hadi natamani kulia: mtu akimwambia neno kwa Jina, amekwisha. Anaamini. Muuza nyanya mmoja alimwapia, kwa Jina, kwamba nyanya zimechumwa asubuhi ileile. Alizileta nyumbani, nikafungua mfuko, harufu ikanipiga usoni. Nikamwambia, "Shemeji, hizi zimeoza! Huna pua?" Akasema, "Yule mama amesema kwa Jina." Nikamwambia, "Basi nusa!" Hakunusa. Alizipika mwenyewe, akazila zote, akaharisha siku mbili, na hadi leo hajasema kwamba zilikuwa mbovu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimwangalia yule mtu mzima anavyokwenda chooni ameshika tumbo, nikaona kuna hatari hapa, sijui tu ni hatari gani.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa machimboni, maana hapa ndipo penyewe.

Zamani, kabla yake, kulikuwa na ubao wenye misumari. Kila mtu alikuwa na kibati chake chenye namba. Ukishuka unakitoa, ukipanda unakitundika, na mlipuaji haanzi hadi misumari yote ijae. Utaratibu mzuri, ila watu ni watu. Walitundikiana. "Nitundikie changu, naja sasa hivi." Siku moja misumari ilijaa na mtu yuko chini. Hakufa, lakini miguu yote miwili ilikatwa. Mlipuaji wa wakati ule aliacha kazi wiki hiyohiyo, Fundi akapewa nafasi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuung'oa ule ubao na kunipa niutie jikoni.

"Kibati mtu atamtundikia mwenzake," alisema. "Jina hawezi."

Tangu siku hiyo, firimbi ikishapigwa mara tatu, Fundi alisimama ukutani na kuuliza, "Nani anasema kwa Jina?" Nyapara wa kikosi alipanda hadi hatua kama arobaini kutoka kwake na kusema, "Kwa jina la Yesu, watu wangu wote wametoka." Fundi alivua kofia, akainama kidogo, akairudisha, akashusha mpini. Asiposikia hilo neno hashushi, hata meneja aje analia. Miaka kumi na moja, hakuna aliyeumia hata kidole. Meneja mwenyewe, mtu asiyeingia kanisani ila kwa harusi, alisema mfumo huu unafanya kazi, tuuache.

Mwanzoni nyapara alikuwa anatetemeka akilisema. Huyu nyapara tulimwita Saa Sita, kwa sababu tumbo lake lilijua saa ya chakula kuliko saa ya ukutani. Alikuwa anahesabu watu mara mbili, anawagusa mabega mmojammoja, anapanda huku jasho linamtoka. Mwaka wa pili alihesabu mara moja. Mwaka wa tano alihesabu kwa macho. Baadaye alikuwa analisema huku anatembea, kama mtu anayemsalimia jirani. Siku moja alilisema anatafuna. Fundi alikaa chini nyuma ya viroba, akakataa kulipua nusu saa nzima. Watu wakanung'unika, chakula kikapoa, na mimi ndiye niliyesemwa.

Nikamfuata. "Shemeji, watu wana njaa."

"Amelisema na chakula mdomoni."

"Si amelisema lakini?"

"Wewe pia?" akaniuliza. Nikaona aibu, nikarudi kwenye moto wangu.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyohiyo. Mume wangu alizoea kulitumia Jina kuwatishia watoto, kwa Jina nitakuchapa, kwa Jina hutoki nje leo, na mara zote hakuwachapa na walitoka. Kaka yake alimkanya mezani. Mume wangu akacheka, "Kaka, kama lina nguvu kiasi hicho si lingekuwa limeshanipiga?"

"Halina haraka," Fundi akasema, akaendelea kula.

Nilimkanyaga mume wangu mguu chini ya meza ili asijibu. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, jamani. Mzembe kidogo, mcheshi kupita kiasi, lakini mzuri. Alikuwa anatoboa mwamba, ile kazi ya mashine inayotikisa mwili mzima, akirudi mikono yake ilikuwa haiwezi kushika kikombe, nikawa namshikia mimi. Hilo sikumwambia mtu yeyote wakati ule, kwa sababu angeona haya.

Siku yenyewe ilianza vibaya kwangu. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanijaa machoni, maharage yakagoma kuiva. Kwenye saa tano na nusu firimbi ikalia mara tatu. Watu wakapanda, wakapita bombani kunawa, wakaja kuchukua sahani zao kwenye rundo. Ukiacha Fundi na nyapara, kikosi kilikuwa na watu kumi na tisa, sahani zangu kumi na tisa. Wakasimama kwenye mstari nyuma ya jiko, kila mmoja na sahani yake, wanangoja mlipuko upite nianze kupakua. Ndivyo tulivyofanya siku zote, maana ukipakua kabla, vumbi linaingia kwenye chakula.

Mlipuko haukuja. Saa Sita alikuwa ameitwa ofisini na meneja, mambo ya malori. Fundi alikuwa ukutani peke yake, anangoja mtu wa kusema. Dakika kumi zikapita. Watu wakaanza: "Mama Sufuria, tutakufa hapa!" "Mama Sufuria, maharage yanaungua, nasikia harufu!" Na kweli yalikuwa yanaungua. Yamegoma kuiva asubuhi nzima, sasa yanaungua! Nilikuwa na hasira za kutosha kumpiga mtu mwiko.

Nikaangalia rundo la sahani. Hakuna hata moja iliyobaki. Kumi na tisa zimechukuliwa, basi watu kumi na tisa wametoka. Hesabu gani nyingine ilihitajika? Nikafuta mikono kwenye kanga, nikatembea kuelekea ukutani. Nilisimama pale Saa Sita alipozoea kusimama. Nyuma yangu kulikuwa na jiko, hakuna aliyeniona wala kunisikia.

Fundi akauliza, "Nani anasema kwa Jina?"

Nikasema, "Kwa jina la Yesu, wametoka wote, shemeji. Lipua, watu wapate kula."

Akaniuliza, "Wewe umewaona?"

Hapo. Hapo ndipo ningeweza kusema nimeziona sahani. Nikasema, "Si nimekwambia kwa Jina?"

Akavua kofia. Akainama. Nikageuka narudi kwenye maharage yangu, na sikuwa nimefika mlangoni ardhi ilipotikisika.

Nilianza kupakua. Mtu wa nne kwenye mstari alikuwa rafiki wa mume wangu, wanaendesha mashine moja. Alikuwa ameshika sahani mbili. Nikamwambia, "Weka moja chini, usinifanye mjinga, leo hakuna wa kula mara mbili."

"Si yangu hii," akasema. "Ni ya mumeo. Kaniambia nimshikie nafasi."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka kuutoa mpira wa maji. Jana ulikatwa na mawe akafokewa." Akaanza kusita. "Alisema Saa Sita yuko ofisini, na kaka yake hawezi kulipua bila mtu kusema. Alisema ana muda tele."

Mwiko ulinitoka mkononi. Yule bwana akaniangalia, akaangalia sahani, akaangalia vumbi linalopanda kutoka shimoni, na ni yeye aliyepiga kelele, si mimi. Mimi sikuweza. Fundi alikuwa wa kwanza kushuka, vumbi halijatulia, mawe bado yanadondoka. Walimkuta anafukua kwa mikono na kucha zimetoka damu. Mume wangu alikuwa ameukumbatia ule mpira.

Mume wangu, ambaye alilicheka Jina maisha yake yote, alishuka kule chini kwa sababu aliamini hakuna mtu atakayelisema bure.

Polisi walimuuliza Fundi nani alimwambia watu wametoka. Akasema hana la kusema. Wakamuuliza siku ya pili na ya tatu, hana la kusema. Saa Sita aliapa kwamba alikuwa ofisini, na meneja akamthibitishia. Wakamfungulia Fundi kesi ya kusababisha kifo kwa uzembe, akatoka kwa dhamana kungoja siku. Tulikuwa tunakutana uani, yeye na mimi, asubuhi na jioni, hatutazamani. Masikio yake yalikuwa yanavuma tangu siku ile. Alikuwa anauliza leo ni siku gani, anasahau, anauliza tena. Alikuwa ameacha kuomba kwa sauti. Alisimama tu katikati ya chumba, kofia mkononi, mdomo umefungwa.

Jumapili kabla ya kesi, alasiri, alinikuta naanua nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba.

"Shemeji," akasema, "sijamwambia mtu. Una watoto watatu, na baba yao nimemzika kwa mikono hii. Lakini mahakamani wataniapisha, nami nitaapa kwa Jina. Nikishalitaja siwezi kudanganya. Wakiniuliza ni nani, nitasema ni wewe."

Nilikuwa nimeshika shati la mwanangu wa mwisho, lina maji bado.

"Wewe utaitwa kabla yangu," akasema. "Sema mwenyewe. Ukisema mwenyewe watakuonea huruma, wewe ni mfiwa. Mimi nitasimama nawe."

"Nimesikia, shemeji," nikasema. Akashukuru, masikini. Alidhani nimekubali.

Siku tatu sikulala vizuri, na sitawaficha nilichokuwa nafikiri, maana nimeamua kusema. Niliwaza watoto. Nani atawalea, mimi nikifungwa na baba yao yuko kaburini? Lakini si watoto tu. Niliogopa aibu. Niliogopa siku ambayo mwanangu wa kwanza angejua kwamba baba yake aliuawa na maharage ya mama yake. Nikasema moyoni, huyu mzee hana mke, hana mtoto, akiingia yeye anaumia mtu mmoja. Nilipiga hesabu hiyo kama nilivyopiga ile ya sahani.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha juu, mabenchi manne. Fundi alikaa mbele, kofia magotini. Karani aliniapisha kwa maneno yao ya kawaida, kwamba nitasema kweli mbele za Mungu, nikaitikia. Mwendesha mashtaka akaniuliza habari za chakula, za firimbi, za mstari. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho kwenye karatasi, "Wewe ulimwambia mshtakiwa chochote kabla ya mlipuko?"

"Hapana."

Ilitosha. Hakimu alikuwa ameshaandika. Hakuna mtu katika chumba kile aliyetaka neno zaidi kutoka kwangu. Lakini nilimwona Fundi ameinua kichwa, ananitazama, hana hasira, anangoja tu nijisahihishe. Nami nilijua kwamba atakaposimama pale yeye, neno lake litanimaliza. Na nilijua kitu kimoja kinachoweza kumzuia. Nilikuwa nimekijua miaka kumi na minne.

Nikamgeukia yeye, si hakimu. Nikasema, "Kwa jina la Yesu, sikumwambia neno."

Niliona uso wake ukibadilika. Mkono ulienda kichwani kuvua kofia, kumbe ameshaivua, akabaki ameshika nywele. Akainama.

Tukapewa mapumziko. Nilikuwa bombani nje nanawa uso, akaja nyuma yangu na askari wa mahakama. Nilifikiri amekuja kunilaani, nikajikaza. Alikuwa analia.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nimekusingizia moyoni mwangu siku zote hizi. Nilikuona kabisa umesimama pale, nimekusikia kabisa. Hata nilikuja kukusumbua kwenye nguo zako. Kumbe hakukuwa na mtu. Nililipua mwenyewe, bila neno la mtu yeyote. Ni mimi niliyemuua mdogo wangu."

Maji yalikuwa yanatiririka bombani. Ningeweza kusema. Askari alikuwa kijana mpole, angetungoja. Neno moja tu lilihitajika.

Nikasema, "Nimekusamehe, shemeji."

Aliporudi ndani aliapa, akasimama wima, akawaambia alilipua bila kuambiwa na mtu. Wakili wake alishika kichwa. Walimpa miaka saba.

Naenda kumwona kila mwezi. Wanangu wazima, wanasoma, hata homa hawajapata mwaka huu. Napika palepale. Wamerudisha ubao na misumari, na mimi nimeongezewa msaidizi. Kila asubuhi naamka nasikiliza mwili wangu, nasikiliza watoto wakipumua, naangalia dari. Hakuna kitu. Mkono wangu haujakauka, ulimi haujavimba. Nilidhani ningefurahi, lakini naogopa kuliko mtu aliyeshikwa.

Amekonda. Kwenye mazungumzo yetu haulizi chakula wala kesi ya rufaa. Anauliza watoto, kisha ananiomba jambo lilelile kila mara, kupitia wavu, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie.

"Niombee wewe, shemeji. Mimi siwezi tena kulitaja, nimeua. Wewe mdomo wako ni safi."

Anasimama, anainamisha kichwa, anafumba macho, anangoja. Nami nalitaja.